Robo eka ya tetere: niliyojifunza Ruai

Tuanze na sheria, tusije tukalaumiana mbele ya safari. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaharamisha kabisa kuwinda kwa burudani. Kwa hiyo ukinisikia nikisema "Jumamosi nawinda njiwa", jua silaha yangu ni kamera kuukuu, kiti cha plastiki na chupa ya chai.

Lakini ujuzi wa kuwaita njiwa shambani niliupata kwa wawindaji. Ndugu yangu mdogo anaishi Texas, na kule msimu wa njiwa ukifunguliwa mwanzo wa Septemba watu huomba ruhusa kazini kama sisi tunavyoomba ya matanga. Hupanda alizeti na mtama miezi kabla, kusudi njiwa wao wa kijivu wenye mikia mirefu iliyochongoka wazoee shamba mapema. Nilipopata robo eka yangu Ruai, mashariki ya Nairobi, nikajiambia: wakija kwake, mbona wasije kwangu?

Mwaka wa kwanza nilifanya kama watu wengi. Mvua za Machi zilipolowesha ule udongo wetu mweusi unaonata kwenye gamboti kama gundi, nikamwaga mbegu za alizeti na mtama kwa mkono, nikafukia, nikarudi mjini. Vikaota vizuri mno. Kufikia Juni ilikuwa vurugu ya kijani, na magugu yamejaza kila nafasi. Wakaja kwera, wakaja shomoro, wakamaliza mtama ungali kwenye masuke. Tetere, hao njiwa wetu wa porini, walitua kwenye waya wa stima, wakachungulia, wakaenda zao kwenye barabara ya vumbi nje ya ua, ambako hakukuwa na kitu cha maana cha kula.

Nikapiga picha nikamtumia ndugu yangu. Akacheka mpaka simu ikakatika. "Kaka, wewe umepanda msitu."

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Mtazame tetere akitembea. Miguu mifupi, hatua ndogondogo, kichwa mbele na nyuma. Hachakuri kama kuku, wala haning'inii kwenye suke kama kwera. Anaokota kilicho juu ya udongo, basi. Mbegu ikiwa chini ya majani au ndani ya nyasi, kwake haipo. Tena ni ndege mwenye wasiwasi: anataka aone paka akiwa bado mbali, na apate nafasi ya kupiga mabawa aondoke. Kwa hiyo kabla hujafikiria upande nini, fikiria udongo mtupu. Chakula kidogo kwenye uwanja safi kitaleta njiwa wengi kuliko chakula tele kwenye kichaka.

Mwaka uliofuata nilipanda kwa mistari. Alizeti niliziachia sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya shina na shina. Sikupanda zote siku moja. Nusu ilikwenda ardhini mvua zilipoanza, nusu wiki mbili baadaye, ili zisikauke kwa mpigo. Halafu jembe. Palizi ya kwanza mimea ikifika gotini, ya pili kabla haijatoa maua, na baada ya hapo nilipita kila wiki mbili kung'oa chochote kilichothubutu kuchomoza. Palizi ndiyo itakayokuchosha, na ndiyo watu huiruka wakidhani ndege hawajali. Wanajali kuliko mama mkwe anayekagua jikoni.

Mtama niliupunguza ukawa mistari michache tu pembeni. Kama eneo lako lina kwera wengi, panda ule wa kahawia, aina ya Serena au Seredo. Punje zake zina ukakasi unaowachosha ndege wadogo, ilhali Gadam mweupe wataumaliza ukiwa bado laini. Ukikauka na kuanguka, tetere hatabagua.

Kisha kuna kukata, na hapa nilikosea mara mbili kabla sijapatia. Usikate shamba lote. Subiri mgongo wa ua la alizeti ugeuke kahawia na mbegu zikisuguliwa kwa kidole gumba zitoke zenyewe. Kwangu huwa mwishoni mwa Julai. Kata ukanda mmoja wa upana wa mita tatu hivi kutoka mwisho hadi mwisho, laza vichwa kifudifudi, vipige kwa fimbo mbegu zimwagike papo hapo zilipoota, kisha ondoa mabua yote. Mara ya kwanza niliyaacha mabua, nikarudi kwenye kosa lilelile la kichaka. Ukanda unaofuata uache umesimama, ndio ghala lako. Baada ya siku kumi au wiki mbili, kata mwingine.

Ndugu yangu aliniambia kwamba Marekani mwindaji anaruhusiwa kuangusha zao lililoota pale pale shambani, lakini akileta nafaka kutoka kwingine na kuimwaga, hiyo ni chambo, na ni kosa. Hata akiiondoa yote, lazima siku kumi zipite kabla ya mtu yeyote kupiga risasi hapo. Mimi sina bunduki, kwa hiyo sheria hiyo hainigusi. Bado nimeacha kumwaga mahindi ya dukani. Yalileta panya kwanza. Kisha mvua ikanyesha Novemba moja, yakaota ukungu, na sisi tuliokulia Ukambani hatuhitaji kufundishwa ukungu wa mahindi unafanya nini. Mwaka 2004 tulizika watu.

Na mbegu za kupanda zilizobaki, zile zilizopakwa rangi nyekundu au kijani, usiwape ndege kamwe. Ile rangi ni onyo kwamba zimepakwa dawa. Nusura nizimwage, mke wangu akanishika mkono.

Maji usiyasahau, hasa Januari na Februari. Sisi wa Ruai tunashindana na mabwawa ya maji taka, ambayo ndege wote wa mashariki ya Nairobi wanayajua, lakini beseni safi lililo karibu bado linapendwa. Liwe pana, maji yasipite vidole viwili kina, na liwe mahali peupe, mbali na ua ambamo paka wa jirani anaweza kujibanza. Utafurahi kumtazama tetere akinywa: anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja, hainui kichwa kama kuku. Lisugue kwa brashi kila baada ya siku mbili, kwa sababu kuna ugonjwa wa koo wa njiwa unaoenea kwa maji ya pamoja. Kando ya beseni nimemwaga debe la mchanga wenye vijiwe, wa kuwasaidia kusaga chakula kwenye firigisi.

Sasa lile la jirani. Mvua za Oktoba zilipokaribia, mama anayelima kunde upande wa pili wa ua akaja mlangoni na jembe begani. "Baba nanii, wale wageni wako leo wamekuja kupata staftahi kwangu." Alikuwa amepanda asubuhi, na tetere waliozoea kuokota kwangu walikuwa wameokota na kwake. Nilimlipia mbegu. Tangu siku hiyo ukanda wa mwisho naukata kabla Septemba haijaisha, na hadi majirani waone kunde zao zimesimama, kwangu hakuna mbegu chini. Hao ndege sikuwaumba mimi, lakini niliyewaita ni mimi.

Vijana wa mtaa nao walikuja na manati. Hilo lilihitaji soda na mazungumzo marefu, na nilikuwa mnyonge kidogo kwenye hoja, kwa sababu utotoni mimi mwenyewe niliwatega kwa karai lililoegemezwa kijiti chenye kamba.

Kama huwezi kuwatofautisha, anza na shingo. Tetere wa kawaida ana utepe mweusi nyuma ya shingo, na sauti yake utaijua hata usingizini. Mwenye utepe na jicho jekundu, mkubwa na mweusi zaidi kidogo, ni mwingine. Yule mdogo wa rangi ya udongo, asiye na utepe ila madoadoa kifuani, ni mwingine tena. Chama cha wapenda maumbile, Nature Kenya, wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, na pale nilisahihishwa mara nyingi bila kuchekwa.

Agosti ndugu yangu alikuja likizo. Nikamweka kwenye kile kiti cha plastiki saa kumi na moja jioni, jua likiwa nyuma yetu. Tetere wakaanza kuingia wawili wawili, kisha kwa makundi, na nikaona bega lake la kulia likipanda lenyewe kama mtu aliyeshika bunduki. Akajishika, akaomba chai. Akanywa nusu kikombe akiukagua ule ukanda.

"Umejitahidi, kaka. Lakini bado mwembamba. Ongeza hatua mbili."

Nimeongeza.