Kwa nini seli ya kingamwili iunganishwe na seli ya saratani?

Umeuliza kwa nini wanasayansi wanaotaka kutengeneza kingamwili maabarani wasikuze tu seli B zenyewe, yaani seli za kinga zinazotoa kingamwili. Shida ni kwamba ukizitoa kwenye wengu wa panya aliyechanjwa, hufa baada ya siku chache. Seli ya mieloma, ambayo ni saratani, hugawanyika bila kikomo. Zikiungana unapata haibridoma: inatoa kingamwili na inaendelea kuzaana.

Kazi ngumu hasa ni kuchuja, maana seli nyingi haziungani. Hapo huwekwa aminopterini, dawa inayoziba njia kuu ya seli ya kutengeneza DNA. Mieloma zilizobaki peke yake hufa kwa kukosa HGPRT, kimeng'enya cha njia ya akiba ya kutengeneza DNA. Haibridoma hukirithi kutoka kwa seli B. Kisha hutenganishwa mojamoja. Wanasayansi Köhler na Milstein walifanya hivyo Cambridge mwaka 1975, wakiunganisha seli kwa virusi vya Sendai (siku hizi wengi hutumia kemikali ya polietilini glikoli).