Amplifaya ya vali ya wati 3 na spika ndogo za koni moja: anza na spika, vali ije baadaye

Ndugu, umesema umenunua amplifaya ya vali (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista) ya wati 3 kila upande, yenye vali mbili za EL84, ukaiunganisha na spika zako za kuweka rafuni zenye wufa ya besi na twita ya trebo. Sauti imekuja nyembamba, na ukiongeza kidogo inaanza kukwaruza. Sasa unauliza: ununue spika ndogo za koni moja, zile zisizo na twita wala krosova (saketi inayogawa besi na trebo), au urudishe amplifaya dukani? Usiirudishe. Nimepita njia hiyohiyo hapa Tanga, na nitakueleza nilichokiona, pamoja na pale nilipopoteza muda mwingi bure.

Geuza spika zako usome kibandiko cha nyuma. Wati zilizoandikwa pale ziache kwanza. Zinakuambia spika inastahimili kiasi gani kabla ya kuungua, basi. Tafuta namba ya desibeli, ile inayoeleza spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati 1 na kuipimia mita 1 mbele yake. Mimi naiita wepesi wa spika. Zangu za mwanzo zilikuwa na 84. Mtu akiona 84 na 93 anadhani ni namba zinazokaribiana, kumbe ziko mbali sana: kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Kutoka 84 hadi 93 ni mara mbili ya mara mbili ya mara mbili, yaani mara nane. Kile ambacho wati 3 zako zinafanya kwenye spika ya 93, spika ya 84 ingekudai wati 24.

Na muziki hautulii. Mwimbaji wa taarab akiwa peke yake na udi, amplifaya yako huenda inatoa robo ya wati. Kisha fidla zote zinaingia kwa pamoja, ngoma inapigwa, na kwa sekunde hiyo moja inadaiwa mara kumi au ishirini ya ile nguvu. Spika nzito ikishakula akiba yote, vali haina pa kwenda, inakata kichwa cha wimbi. Huko ndiko kukwaruza unakokusikia. Vali zako ni nzima.

Kuna watu watakushauri upande daraja, ununue amplifaya ya 300B. Ni vali nzuri mno, ya Western Electric ya Marekani tangu miaka ya 1930, iliyoendesha amplifaya za majumba ya sinema, na mimi nikiipata sitaikataa. Lakini ikiwa moja kila upande inatoa kama wati 8. Kutoka wati 3 hadi 8 unapata desibeli 4 tu na ushee, kwa pesa ambazo zingenunua spika, mbao za maboksi na chenji ikabaki. Ndiyo maana nasema anza na spika.

Mimi hili sikulijua kwa kusoma. Nililijua kwa redio ya marehemu babu mzaa mama. Ilikuwa redio ya Kijerumani ya mbao, yenye jicho la kijani linalojifumba ukipata stesheni. Ukifungua kile kibao cha nyuma chenye matundu unakuta vali zimepangwa: ECC85, ECH81, EF89, EABC80, na mwisho EL84. Moja tu! Vali ileile iliyo kwenye amplifaya yako. Na redio ile ilijaza ukumbi wa nyumba, jirani wakasikia taarifa ya habari barazani. Nilipokuwa nahangaika na spika zangu za 84 nikakumbuka redio ile, nikaenda kuitazama upya. Siri ilikuwa pale mbele: spika ya karatasi ya umbo la yai, koni nyepesi ukiigusa kwa ncha ya kidole inarudi nyuma bila kusita, ukingo wake ni karatasi hiyohiyo iliyokunjwakunjwa, hakuna raba nzito. Waliokuwa na wati chache waliunda spika inayotosheka na wati chache.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, spika za koni moja zinaiponya, ila kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawasemi.

La kwanza, udogo una gharama. Koni ya sentimita 10 haiwezi kuwa na wepesi wa desibeli kama ya sentimita 20. Za sentimita 20 zipo za desibeli 95 na zaidi, lakini zinataka boksi kama kabati la nguo, na mwenye nyumba hatakuelewa. Mimi nilichukua Fostex FE103En, sentimita 10, ohm 8 (ukinzani wake kwa umeme), desibeli 89. Ukilinganisha na zangu za 84 ni kama amplifaya imezidishwa mara tatu. Katika chumba changu cha mita 3.5 kwa 4, nikikaa mita 2 kutoka kwenye spika, inatosha kabisa kwa taarab, kwa muziki wa dansi wa zamani, kwa kaswida, kwa gitaa na sauti ya mtu. Kwa singeli haitoshi, na kwa sherehe ya uani haitoshi. Hilo nakwambia wazi ili usinunue kwa matumaini ya kitu ambacho koni hii haikuumbiwa.

La pili ndilo lililonichosha kuliko yote: mshiko wa amplifaya. Hapa nitakaa kidogo.

Nilipofunga zile Fostex kwenye maboksi ya lita 6 yenye tundu, sauti za katikati zilinitoa machozi. Mwimbaji alikuwa amesimama pale ukutani, namsikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Lakini besi ilikuwa ya noti moja. Mpiga besi akipanda, akishuka, mimi nasikia "bum, bum" ileile. Nikabadilisha vali, nikabadilisha nyaya, nikajaza pamba ndani ya boksi, nikaitoa. Hola.

Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima, aliyetengeneza redio za vali tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na kahawa, hakugusa spika. Aligeuza amplifaya chini juu, akatazama nyaya kwa muda, akaniambia: "Mwanangu, hii vali inaisukuma koni lakini haiizuii."

Maana yake ni hii. Kila koni ina mahali inapopenda kutikisika yenyewe. Kwa FE103En ni karibu na mitikisiko 83 kwa sekunde. Amplifaya ya transista inaishika koni kama mkono unaoshika ngozi ya ngoma: ikishapigwa inanyamazishwa. Vali haishiki hivyo. Na EL84 ikiendeshwa kama pentodi (vali ya gridi tatu) bila fidibeki (kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili amplifaya ijisahihishe) haishiki hata kidogo, koni inaendelea kuyumba pale inapopenda. Ndiyo ile "bum" yangu. Baadhi ya amplifaya ndogo za bei nafuu zimefungwa hivyo.

Alichofanya fundi ni kitu cha dakika kumi. Kwenye soketi ya EL84 mguu namba 9 ni gridi ya pili, na mguu namba 7 ni anodi. Aliukata waya uliokuwa ukileta umeme mguu wa 9, kisha akaunganisha mguu wa 9 na wa 7 kwa rezista ya ohm 100. Hapo vali inafanya kazi kama trayodi, yaani vali ya gridi moja, yenye mshiko zaidi. Nguvu ilishuka, EL84 ya namna hiyo inatoa chini kidogo ya wati 2, na nilikuwa na hofu kwamba nimeharibu. Tuliwasha. Besi ikaanza kutembea! Noti zikaachana, ya juu ikawa ya juu, ya chini ya chini, na ngoma ikawa na ngozi. Wati zilipungua na muziki ukaongezeka.

Sasa usielewe vibaya ukadhani mshiko mkali ndio bora siku zote. FE103En ina sumaku yenye nguvu. Ile namba ya Qts kwenye karatasi yake, inayoonyesha koni inavyojizuia (ikiwa ndogo, inajizuia zaidi), ni 0.33, yaani inajizuia yenyewe sana. Ukiipa transista inayoibana zaidi, besi inakauka. Amplifaya ya vali yenye mshiko wa wastani, tuseme yenye ohm 4 hivi za ndani upande wa spika, inaipandisha Qts hiyo hadi karibu 0.5, na besi inapata nyama. Ndiyo maana spika za aina hii na vali zinapendana. Spika yenye Qts kubwa tangu mwanzo, 0.6 au 0.7, ukiiweka kwenye vali hiyohiyo besi itavimba. Kabla hujanunua, mwombe muuzaji karatasi ya vipimo. Akikosa, itafute mtandaoni kwa jina la spika. Usinunue kwa sura ya koni.

Baada ya hapo besi yako nyingine iko ukutani. Boksi jembamba la upana wa sentimita 18 linaanza kupoteza sauti ya mbele kuanzia chini ya mitikisiko 600 hivi, kwa sababu mawimbi marefu yanaizunguka boksi na kutawanyika nyuma. Wengine hutibu kwa koili na rezista, na tiba hiyo hula wepesi wa spika, kitu ambacho wewe huna cha kupoteza. Tumia ukuta. Nyumba zetu ni za tofali na saruji, kuta zake zinarudisha besi vizuri. Mimi nilianza sentimita 60 kutoka ukutani, nikawa nasogeza sentimita 5 kila jioni, wimbo uleule, kiti kilekile. Kwenye 20 sauti ya mwanamume ikapata kifua. Kwenye 10 ikawa kama anaimbia ndani ya pipa. Nikarudi 20, nikaweka alama ya chaki sakafuni. Kisha zielekeze spika usoni kwako, maana koni moja inatoa trebo kama tochi: ukikaa pembeni unakosa matoazi na nusu ya kanuni, ile ala ya nyuzi.

Angalia pia ohm. Transfoma ya kutolea sauti, ile mafundi wanayoiita aotiputi, imesokotwa kwa hesabu. Ya EL84 kwa kawaida ni 5,000 upande wa vali kwa 8 upande wa spika. Ukifunga spika ya ohm 4 kwenye njia ya 8, vali inaona 2,500, na hapo unapoteza nguvu na usafi kwa pamoja. Amplifaya ikiwa na njia ya 4, tumia hiyo.

Umeme. Mtaani kwetu nimepima saa mbili usiku nikakuta 205, na saa nane usiku 245. Uzi wa joto wa EL84 unataka volti 6.3, na kuachia asilimia 10 juu au chini ndiyo mwisho. Amplifaya nyingi za Kichina zimesokotewa volti 220, kwa hiyo ukiilisha 245 uzi unapata karibu 7. Vali haitakufa leo, itachoka mapema. Weka stebilaiza ndogo. Na ukisikia mvumo mzito wa chini hata sauti ikiwa sifuri, mara nyingi ni nyaya za uzi wa joto ambazo hazikusokotwa pamoja; ukisikia mvumo mkali wenye kukereketa, tazama kapasita za pawa sapulai. Spika nyepesi hufichua yote mawili, kwa hiyo usishangae ukisikia kitu ambacho spika zako za zamani hazikukuonyesha.

Nakusihi katika hili moja: kama hujawahi kufungua kifaa cha vali, usianze na mguu namba 9 peke yako. Mle ndani kuna volti 250 na zaidi, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ukiwa umeichomoa. Fundi yule hupima kwanza kwa mita mpaka isome karibu na sifuri, na mkono wake wa kushoto huuweka mfukoni. Vilevile usiwashe amplifaya bila spika kufungwa, aotiputi inaweza kuungua. Na watoto wasifikie zile chupa, zinachoma.

Kwa leo usinunue chochote. Soma desibeli na ohm za spika zako, tazama jina la amplifaya, na kama unaweza tupia picha ya chini yake ikiwa imezimwa na haijachomekwa. Pima pia chumba, na unakaa umbali gani. Ukileta hizo namba nitakuambia kama sentimita 10 zitakutosha au tutafute za 12 zenye desibeli 93, na vipimo vya boksi nitakupa, nimeviandika ndani ya mlango wa kabati langu.