Ledger haionekani kwenye MetaMask: anza na waya

Sheikh, unasema Ledger, kile kifaa cha kutunzia funguo za siri za sarafu za kidijitali, inawaka ukiichomeka kwenye laptopu, lakini MetaMask, pochi ya sarafu hizo ya kwenye kivinjari chako cha Firefox, haiioni. Kuwaka si ushahidi: waya nyingi za bei poa pale Darajani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Tumia ile iliyokuja na kifaa. Pia hamia Chrome, Brave au Edge, kwa sababu Firefox haina WebHID, njia ambayo MetaMask huzungumzia na Ledger.

Funga programu ya Ledger kwenye kompyuta, maana huweza kukishikilia kifaa. Ingiza PIN, fungua app ya Ethereum ndani ya kifaa, ndiyo uunganishe.

Hapo kazi rahisi imekwisha. Ukurasa wowote ukikuomba yale maneno 24 ya siri ya kurejesha pochi yako, ufunge papo hapo, hata uwe na nembo ya Ledger. Hayo huingizwa kwenye kifaa chenyewe tu. Na unapotuma sarafu, soma anwani ya pochi ya mpokeaji kwenye kioo cha Ledger, usiamini ya laptopu: kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili. Isome yote. Herufi nne za mwanzo na nne za mwisho hazitoshi, matapeli hutengeneza anwani zinazofanana hapo hapo.