Wadogo zangu mnaosoma baiolojia (PCB na CBG), viinitete vichoreni wenyewe

Juzi dogo mmoja wa form six huko Kasulu kanitumia meseji, anasema mada ya evolusheni inamtesa, hasa pale kwenye viinitete, yaani mnyama akiwa bado anajiumba yaini au tumboni, nimpe mbinu. Dogo, na nyie wote mnaoutaka udaktari, acheni kukariri pamfleti, chukueni penseli.

Mi nimesoma hapahapa Kigoma mjini, kuna ticha alininyang'anya daftari la michoro akalionesha darasa zima eti nasomea uchoraji. Iliniuma na mpaka leo inaniuma. Ila ile michoro ndo ilinibeba kwenye mtihani, na sasa vijana wangu wa tuisheni pale Mwanga wamefaulu vizuri kwa njia ileile, nawaonea fahari kweli.

Tulichukua yai la kuku lililolaliwa siku 4, tukalipasua taratibu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Moyo unadunda, kitone chekundu hivi, jicho jeusi kubwa, mkia upo, na pembeni ya shingo kuna vimikunjo vimejipanga. Vimikunjo hivyo kiinitete cha samaki kinavyo na cha binadamu pia, kwa samaki kama mgebuka vinakuja kuwa matamvua, kwako wewe vinatengeneza taya na vimifupa vya ndani ya sikio. Mwanabiolojia Karl Ernst von Baer alishaandika mwaka 1828 kwamba kiinitete kikikua sifa za kundi zima zinatangulia, za mnyama mwenyewe zinafuata. Msimchanganye na Haeckel, mwanabiolojia wa Kijerumani, yule alidai kiinitete kinapitia maumbo ya mababu zake waliokomaa, hiyo ilishakataliwa, na michoro yake ya 1874 ilitiwa chumvi.

Halafu msiishie kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kowalevsky, Mrusi, mwaka 1866 alimchunguza asidia, kanyama ka baharini kakikua kanaganda tu mwambani, akakuta lava wake, yaani mtoto wake anayeogelea, ana notokodi mkiani, ile fimbo laini ambayo na sisi tunakuwa nayo tukiwa viinitete, kumbe ni ndugu yetu! Kiti cha pweza naye, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, tundu la kwanza la kiinitete linakuwa mkundu, mdomo unakuja baadaye, kama kwetu, ndo maana tuko naye karibu kuliko tulivyo na konokono. Ukiangalia wakubwa peke yao hayo huyaoni, ndugu yangu, huyaoni kabisa.

Kwenu hamna kuku? Mvua zikianza tafuta mayai ya chura dimbwini, hayana ganda, kwa lenzi ya mkononi unaona seli 2, 4, 8 mpaka mkia unatokea. Chora asubuhi na jioni, saa iandike pembeni.