Kabla hujafunga silinda ya hewa kwenye roboti ya wanafunzi

Msimu wa mashindano ukikaribia, vijana wa klabu yetu hapa Kampala hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, tutumie hewa?" yaani silinda zenye pistoni inayosukumwa na hewa iliyobanwa, badala ya mota. Wameona video za roboti za Marekani zikifyatua mikono kwa ule mlio wa "tsss", na mlio wenyewe ndio unaowavutia zaidi. Nami huwauliza: hicho mnachotaka kisogee kina vituo vingapi? Kama ni viwili tu, wazi na kufungwa, au juu na chini, hewa inafaa sana. Kama mkono unatakiwa kusimama nyuzi 40, kisha 70, rudini kwenye mota. Hewa hubonyea. Hata ukiifungia silinda ikiwa katikati ya safari, mzigo ukibadilika itayumba.

Someni kanuni za mashindano yenu kabla ya kununua chochote; FTC, VEX V5 na FRC ni mashindano ya roboti za wanafunzi, na kila moja lina zake. FTC haitaki hewa iliyobanwa kabisa. VEX V5 inaruhusu matangi madogo yanayojazwa kabla ya mechi, presha isizidi psi 100 (psi ni paundi kwa inchi ya mraba). FRC inaruhusu kompresa, yaani pampu ya kubana hewa, juu ya roboti. Hewa huhifadhiwa hadi psi 120, lakini kabla ya kufika kwenye silinda lazima ishushwe na regyuleta, yaani kipunguza presha, hadi psi 60. Hizo 60 ni kama bar 4, na mahesabu yangu yote hapa chini ni ya bar 4.

Nguvu ya silinda ni presha mara eneo la pistoni, basi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 20 kwa bar 4 inasukuma kwa takriban nyutoni 125, yaani inaweza kushikilia kilo kumi na mbili na zaidi kidogo. Ikirudi ndani nguvu hupungua, kwa sababu fimbo imekula sehemu ya eneo. Na ikishafika mwisho wa safari inaendelea kusukuma bila kula umeme wala kuchemka. Mota ndogo ikilazimishwa kushikilia mzigo wakati wote itakunukia kuungua.

Kinachowaangusha wengi ni hesabu ya hewa yenyewe. Chukua hiyo silinda ya milimita 20, safari yake milimita 100. Ndani inabeba mililita 31 hivi. Ukiijaza kwa bar 4, umetumia kama mililita 155 za hewa ya kawaida, mara tano ya ujazo huo, kwa sababu bar 4 za geji zinaongezwa juu ya bar 1 ya hewa inayotuzunguka. Kurudi kunakula nyingine 130 hivi. Sasa tangi la nusu lita lililojazwa bar 8 lina lita 2 tu za kutumia kabla halijashuka hadi bar 4. Gawanya: kwenda na kurudi mara saba, kwisha, kompresa isipoongeza. Mechi ya FRC ni dakika mbili na nusu hivi. Dereva wa miaka kumi na sita akishika kidhibiti hazimtoshi saba, atafungua na kufunga kucha za roboti hata akiwa amesimama. Kwa hiyo ama ongeza tangi, ama punguza kipenyo cha silinda, ama andika kwenye programu kwamba kitufe kisijibu mpaka sekunde moja ipite. Sisi tulifanya hilo la mwisho, na vijana walinung'unika wiki nzima.

Tukiwa Kampala kuna jambo jingine. Tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kompresa huvuta nyepesi hiyo hiyo. Kujaza tangi kunachukua muda mrefu zaidi kuliko karatasi ya mtengenezaji inavyodai. Msishangae, wala msiitukane kompresa.

Halafu kuvuja. Hapa ndipo siku zinapopotelea, na karibu kila mara sababu ni vipimo viwili vinavyofanana kwa macho. Mpira wa kupitisha hewa wa milimita 6 unaingia vizuri tu kwenye kiungo cha robo inchi, lakini robo inchi ni milimita 6.35, kwa hiyo oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, haiushiki sawasawa. Utaona umekaa, utauvuta hautoki, na usiku kucha hewa inapungua taratibu. Nati nazo ni hivyo hivyo. Uzi wa 1/8 wa BSP (mfumo wa Uingereza) una meno 28 kwa inchi, ule wa NPT (wa Marekani) una 27. Unazungusha mizunguko miwili unadhani umepata, ya tatu inakaza, unaongeza tepu ya uzi, na bado inavuja. Chagueni mfumo mmoja, muuandike kwenye sanduku la vipuri kwa maandishi makubwa, na msichanganye. Kuhusu tepu, acheni uzi wa kwanza wazi mkiizungusha. Kipande kikikatikia ndani kinakwenda kuziba vali.

Mpira ukatwe kwa wembe, mraba kabisa, si kwa mkasi, maana mkasi unaubana ukawa yai. Usukumeni mpaka ugote. Kisha povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo, mtu mmoja akimulika tochi. Zimeni kompresa, andikeni geji inasoma ngapi, mkanywe chai. Mkirudi mtaona.

Vipuri vya roboti ya mazoezi mnaweza kuvitafuta soko la Kisekka hapa Kampala, kwenye maduka ya vipuri vya malori. Breki za lori zinatumia hewa ya bar 8 hivi, karibu sawa na tangi la FRC, kwa hiyo wauzaji wanajua mipira na viungo kuliko mtu yeyote wa elektroniki. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, lori lenyewe tani ngapi?" Nikamwambia kilo hamsini. Alicheka, lakini kiungo alichonipa kilikuwa sahihi. Kwenye mashindano yenyewe, vipuri viwe na presha yake iliyoandikwa, la sivyo mkaguzi atawarudisha.

Tangi ndilo jambo ambalo sina mjadala nalo. Msitengeneze tangi kwa bomba la PVC. Likipasuka halichaniki, linarusha vipande vyenye ncha, na hewa iliyobanwa ina nguvu ya kuvisukuma mbali. Wala msichomelee lenu, hata kama fundi wenu wa mtaa wa Katwe ni hodari; kuchomelea geti na kuchomelea chombo cha presha si kazi moja. Nunueni lililopimwa, liwe na vali ya usalama inayofunguka presha ikizidi (kwenye FRC ni psi 125), na vali ya mkono ya kumwaga hewa yote, ikae mahali mwalimu anaweza kuifikia bila kuinama chini ya roboti. Miwani kwa kila aliye karibu, hata aliyekuja kuangalia tu.

Kuhusu vali za umeme, zile zinazoelekeza hewa kwenye silinda, amueni mapema: umeme ukikatika, mnataka silinda ifanye nini? Vali yenye koili moja na springi inarudi ilikoanzia. Yenye koili mbili inabaki pale ilipoachwa. Kwa kucha zilizobeba mzigo mimi huchagua koili mbili, ili mzigo usimwangukie mtu mguuni mtu akizima swichi kuu. Muwe na uhakika pia wa volti: sokoni za 24 zimejaa, na betri ya FRC ni 12.

Jioni, kabla ya kufunga roboti, mwageni hewa polepole huku tangi limeinamishwa. Hewa yetu ya karibu na ziwa ina unyevu mwingi, na maji yatatoka.