Kumwingiza mtoto wa mbwa kwenye ghala lenye paka wa kazi: ushauri kwa wanaoanza

Wengi wanaoanza biashara ya nafaka hapa Tabora hugundua mapema kwamba ghala lina maadui wawili, mwizi wa usiku na panya wa saa zote, na kwamba anayemweza mmoja hamwezi mwingine. Paka humaliza panya lakini hamtishi mwizi. Mbwa hubweka mtu akisogelea ukuta, lakini panya humpita chini ya pua. Ndiyo maana siku moja mwenye ghala hujikuta amebeba mtoto wa mbwa ndani ya boksi, akimpeleka mahali ambapo paka watatu au wanne wameishi miaka, bila kujua watapokeanaje. Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo. Nimetunza ghala la mahindi na karanga pembezoni mwa mji kwa miaka 12, nimelea humo mbwa wanne, na wa kwanza nilimharibu mwenyewe.

Nianze na huyo wa kwanza, kwa sababu kosa langu lote lilitokea ndani ya dakika tatu. Alikuwa dume la wiki tisa. Nilimweka chini katikati ya njia inayopita baina ya safu mbili za magunia, nikasimama kando nione. Paka jike mzee, aliyekuwa amelala juu ya gunia la pumba karibu na mizani, aliinuka, akakunja mgongo, mkia ukatutumka kama brashi ya kuoshea chupa, kisha akakimbia. Mtoto wa mbwa akamfuata. Wabeba mizigo wakacheka, nami nikacheka. Paka alipofika kwenye kona isiyokuwa na pa kupandia aligeuka, na nilichosikia ni mlio mmoja tu wa mbwa. Ukucha ulikuwa umepita juu ya jicho la kushoto, na ukungu mweupe uliobaki kwenye jicho lile haukuondoka maisha yake yote. Hasara hiyo niliiona siku ile ile. Nyingine ilichukua wiki tatu kujitokeza: paka wawili walihamia kwa jirani mwenye mashine ya kukoboa, yule jike mzee akawa anaingia kwa kuvizia, na nilipofunua turubai la safu ya nyuma nilikuta magunia matano yametobolewa chini, mahindi yamemwagika na kinyesi cha panya kimetapakaa kwenye chaga.

Tangu wakati huo ninafuata kanuni moja, na mengine yote nitakayoyaeleza yanaihudumia hiyo: mbio za kwanza zisitokee. Mbwa hahitaji kumkamata paka ili afurahi. Kule kukimbiza kwenyewe ndiko ujira wake, na akishalipwa mara moja ataudai tena kesho. Paka naye akishakimbizwa mara moja ndani ya ghala, ghala linakoma kuwa kwake. Kuwarudisha wote wawili nyuma ya siku hiyo ni kazi ya miezi, wakati kuizuia ni kazi ya wiki tatu au nne.

Mbwa mchanga hujifunza nani ni mwenzake na nani ni mgeni hasa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi ya umri wake. Umchukue kwa mama yake akiwa na wiki nane, si chini ya hapo, kwani wiki za mwisho pamoja na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kuuma kwa kiasi. Ukimchukua akiwa amevuka miezi minne bado atafundishika, ila utalipa kwa muda mrefu zaidi. Usimlete katika miezi ya mavuno, kuanzia Mei hadi Julai, ambapo malori yanashusha mzigo, milango iko wazi na wewe mwenyewe huna hata nafasi ya kukaa chini. Mimi huwaleta katikati ya masika, ghala likiwa limetulia.

Kabla hajafika, tumia siku mbili kuwaangalia paka wako: wanaingilia wapi, wanalala wapi, wanapanda wapi. Njia zao ndizo utakazozilinda. Watu wengi huwawekea paka tundu chini ya mlango, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa kuwa tundu linalompitisha paka linampitisha pia mtoto wa mbwa wa wiki nane. Nililiziba, nikatoboa jingine usawa wa paja la mtu, kukiwa na ubao mwembamba wa kukanyagia kila upande. Ndani nikaegemeza mbao kutoka sakafuni hadi juu ya safu za magunia, katika kila kona, hasa ile kona iliyomtia paka wangu kwenye mtego. Paka mwenye pa kupandia hapigani. Anapanda, anakaa, anatazama chini kwa dharau, na mambo yanaishia hapo.

Siku nne au tano za kwanza mtoto wa mbwa asimwone paka kabisa. Mweke katika chumba cha mlinzi au banda lililo karibu na ghala, na uache harufu zitangulie. Ninachukua kipande cha kiroba ambacho amelalia, ninakiweka hatua tatu kutoka mahali paka wanapolia chakula, na kila siku ninakisogeza kidogo. Kipande walicholalia paka ninampa mbwa. Hakuna kipimo kizuri cha hofu kama chakula: paka anayekula dagaa wake kando ya harufu ile amekwisha kukubali nusu ya habari, na anayezunguka bakuli kisha akaondoka anakuambia usubiri. Usibishane naye.

Baada ya hapo waonane kupitia wavu. Nilipigilia wavu wa kuku kwenye fremu ya mlango wa chumba cha mlinzi, nikawa ninawalisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, bakuli zikiwa mbali kwanza kisha zikikaribiana. Paka mmoja alipuliza kwa hasira siku tatu mfululizo. Siku ya nne akachoka.

Kukutana bila wavu kufanyike mbwa akiwa ameshakula, ameshacheza, ameshajisaidia na yuko karibu kusinzia. Avae mkanda wa shingoni wenye kamba nyepesi ya mita mbili, nawe ukae chini sakafuni, paka wakiwa huru kuja au kutokuja. Mfukoni uwe na dagaa wakavu wasiotiwa chumvi. Hapa tunapata wa Kigoma kwa urahisi, na mmoja akivunjwa anatosha malipo ya mara tatu. Mbwa akimtazama paka, mwite jina kwa sauti ya kawaida. Akikugeukia tu, mpe kipande. Usingoje mpaka avute kamba ndipo umwite, kwa sababu wakati huo masikio yake yamekwisha kufungwa. Unachokinunua kwa dagaa hao ni tabia ya kumwona paka na kisha kukutazama wewe. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Ukiona linakwenda vizuri, maliza hapo hapo, hata kama ulitamani kuendelea.

Jambo moja sipendi kabisa kuliona, nalo hufanywa na watu wenye nia njema: kumbeba mtoto wa mbwa mikononi na kumpelekea paka usoni ili "wasalimiane". Aliyebebwa hawezi kurudi nyuma, paka anaona uso mkubwa ukimjia hewani, na mikwaruzo mnagawana wewe na mbwa.

Jifunze kuisoma miili yao, kwani hawa wawili hawasemi lugha moja. Mkia ndio unaoleta ugomvi mwingi. Mbwa anayeutikisa kwa ulegevu huwa amefurahi, lakini paka anayeupigapiga ameudhika, hivyo kila mmoja humwelewa mwenzake kinyume. Mbwa akiinamisha mbele na kuinua makalio anaomba mchezo. Ni dalili njema kwako, ila paka haielewi, kwa hiyo mwite. Kinachopaswa kukushtua ni ukimya: mwili umekakamaa, kinywa kimefungwa, kichwa kimeshuka, macho hayapepesi, pengine mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Huyo hachezi tena. Simama katikati yao, umwondoe bila kelele, na kesho uanzie kwenye wavu. Kwa upande wa paka, kofi la haraka lisilo na kucha ni somo analompa mgeni, wala usimwadhibu. Masikio yakilala nyuma na mwili ukijibana chini, mfungulie njia.

Kuna nchi ambako kazi ya namna hii ni ngumu kuliko yetu. Uingereza wapo wawindaji wanaofuga fereti, mnyama mdogo mwembamba wa jamii ya kicheche, ambaye huingizwa shimoni kuwafukuza sungura watoke huku mbwa akingoja nje. Mbwa yule anaruhusiwa kumrukia sungura, lakini hapaswi kumgusa fereti anayechungulia nyuma yake kutoka shimo lile lile. Naye huanza kufundishwa akiwa mdogo, kwa kuzoeshwa taratibu. Kama tofauti hiyo inafundishika, basi ya paka na panya haiwezi kutushinda.

Wagumu zaidi kufundisha ni watu. Vijana wa kubeba mizigo wakichoka hutafuta burudani, na burudani ya karibu ni kumwambia mbwa "Simba, kamata!" huku wakimwonyesha paka. Dakika moja ya kicheko hicho huvunja kazi ya mwezi. Mimi sikuwakemea, kwani wengine ni watu wazima wenye umri wa kunizaa. Nilimwendea mkubwa wao, nikamwamkia, nikamwonyesha lile gunia lililotobolewa na kumwomba aniambie lingewalipa ujira wa siku ngapi. Yeye ndiye aliyewanyamazisha wengine.

Lisha mbwa na paka mbali mbali mpaka wakue, na chakula cha paka kikae juu. Paka akiwa na panya mdomoni, mbwa awe amefungwa au awe pamoja nawe, kwa kuwa hata wanyama waliozoeana hugombana juu ya nyama. Hapo linakuja suala la sumu, ambalo ningependa msomaji alichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Ghala lenye paka na mbwa halitegwi sumu ya panya. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Mnyama aliyemla huweza kuonekana mzima siku mbili tatu, kisha fizi zikapauka na damu ikamtoka puani au kwenye haja. Ukiona hivyo usimpe maziwa wala mafuta, mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya sumu, kwani kwa sumu za aina hiyo ipo tiba ya vitamini K1 ikiwahiwa. Vidonge vya kufukizia nafaka ni hatari zaidi, kwa sababu hutoa gesi vikikutana na unyevu wa hewa, na gesi hiyo haichagui panya, paka, mbwa wala mtu. Siku za kufukiza, wanyama wote wahamishwe na wasirudi mpaka ghala lifunguliwe na kupitishwa hewa kama mtaalamu alivyoagiza.

Chanjo zisisubiri mazoea. Chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, nao paka wako wachanjwe hiyo hiyo, jambo ambalo wengi husahau kwa sababu ya jina la ugonjwa. Mkojo wa panya hueneza homa ya leptospira, basi mwulize daktari kuhusu chanjo yake pia. Wewe mwenyewe ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama usiyejua chanjo zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mgeni asidanganyike na amani ya miezi minne. Kuanzia umri wa miezi sita hivi mbwa huingia ujana, na aliyekuwa akimpita paka bila kujali huweza kuamka asubuhi moja akiwa na hamu ya kukimbiza chochote kinachokwenda. Wa tatu wangu alifanya hivyo akiwa na miezi minane. Nilimrudisha kwenye kamba na dagaa kwa wiki mbili, akatulia. Wapo pia mbwa wachache wasiotulia kamwe. Huyo mpe kazi ya nje ya ua, au mtafutie mwenye nyumba isiyo na paka, wala usione aibu.

Usiku wa kwanza wa kuwaacha peke yao nauchelewesha mpaka mbwa avuke mwaka mmoja. Jioni hiyo ninachekecha majivu ya jikoni na kuyatandaza kidogo kwenye njia ya katikati ya magunia, ninafunga mlango na kuondoka. Asubuhi ninaingia na tochi kabla ya mtu mwingine yeyote, nikachuchumaa. Nyayo za paka zikiwa karibu karibu na sawasawa, alitembea. Zikiwa mbali mbali, na majivu yametawanyika nyuma ya kila moja, alikimbia. Basi ninafagia, ninamfunga mbwa kamba, na ule wavu wa kuku ninaurudisha mlangoni kwa wiki nyingine.