Wapya wodi ya upasuaji, bili ya mgonjwa mnaiandika nyie

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodi ya upasuaji, mara nyingi kinachopandisha bili bila sababu sio opaesheni yenyewe, ni vitu vidogo vidogo ambavyo kila daktari na kila nesi anaamua kivyake, kipimo kinarudiwa, dripu inaendelea mgonjwa anakula ugali, siku inaongezeka. Ndo maana kuna mpango mmoja wa siku kwa siku kwa kila aina ya opaesheni, umeandikwa mgonjwa afanyiwe nini siku gani. Marekani ulishika kasi baada ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, mwaka 1983 kuanza kulipa hospitali kiwango kimoja kwa kila aina ya tatizo, mgonjwa akikaa zaidi hasara ya hospitali. Kwetu hasara ni ya mgonjwa na ndugu wanaolala korido.

Chukueni mama wa opaesheni ya uzazi. Antibiotiki dozi moja kabla ya kuchana, na cheklisti ya usalama wa upasuaji ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ambayo hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa moja ya hospitali 8 zilizoijaribu, inawauliza kabisa kama imetolewa ndani ya dakika 60. Kama hakuna maambukizi inaishia hapo. Lakini utakuta kaandikiwa sindano siku tano, sirinji zake, kanula zake za mshipani, na mama mzima kabisa anabaki kitandani eti amalizie sindano, inauma sana. Katheta, ule mpira wa mkojo, itoke mapema, ale, anyanyuke, dawa ya maumivu kwa saa zake sio mpaka alie. Na tarehe ya kuruhusiwa ndugu waambiwe toka anaingia, watafute hela na usafiri mapema.

Sasa mpango sio amri. Mama ana homa, presha iko juu, toka kwenye mpango haraka usiogope mtu, ila andika sababu kwenye faili. Hapa ndo wengi wanazembea, na ndo penye faida kubwa kuliko pote, maana mwisho wa mwezi mkizipanga zile sababu mnaona kumbe nusu wamecheleweshwa na majibu ya maabara au damu hakuna, hapo hata mkikaza wodini hamtaokoa kitu, mpelekeeni mganga mfawidhi hiyo karatasi. Bosi akibadili dawa kwenye raundi muulize kwa adabu, "Dokta, sababu tuandike nini?"

Na msiwahishe mtu nyumbani ili namba zipendeze, kidonda kikifumuka anarudi na bili nyingine. Kikagueni, mfundisheni dalili za hatari, na simu ya wodi iandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka.